Sura ya Tisa: Ndege Isiyokwisha

Kama kuna mwanamke aliyewahi kuomba mvua inyeshe kwa sababu ya mwanamume, basi ni mimi, Rhona Haldane. Kwa miezi minane nilikuwa nikiamka, kabla hata sijanawa uso, nasogeza pazia nitazame vilima vya nyuma ya mji wetu wa Taumarunui. Nikiona ukungu umelalia malisho, moyo unanicheka. Rubani wa kumwaga mbolea hana kazi siku ya mvua. Anafungia ndege bandani, anawasha gari, na kama rubani mwenyewe ni Rewi Hotene, anakuja kwangu.

Jumamosi hiyo mvua ilianza tangu alfajiri, na mimi nikatamani ikome.

Sikuweza kukaa. Nilichemsha maji ya chai mara tatu na kuyasahau mara tatu. Nilipanga vikombe, nikavipangua. Kila gari lililopita barabarani lilinipeleka dirishani, na kila nilipokuta si lake nilishusha pumzi, halafu nikakasirika kwa sababu si lake.

"Utatoboa sakafu," alisema baba. Alikuwa mezani na mkate wake na gazeti. "Kaa chini."

"Siwezi."

"Basi simama mahali pamoja. Unanitia kizunguzungu, na daktari amesema nisitiwe kizunguzungu."

Baba yangu, Murdo Haldane, alimwaga mbolea kwenye vilima hivi kwa miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo alirusha ndege ya aina moja tu, Kahu. Miaka miwili iliyopita moyo ulimchezea na leseni ikachukuliwa. Tangu hapo akawa mtu wa dirishani. Injini ikilia bondeni anainua kichwa, anakwambia ni ya nani na imebeba kiasi gani, kisha anarudi kwenye gazeti lake kama mtu aliyefumaniwa.

Mimi naunda ndege. Usinifikirie na nyundo na misumari. Ndege zangu ni za simuleta, ile programu ya kompyuta inayokupeleka angani huku umekaa kitini. Programu huja na ndege zake chache. Wanaotaka nyingine hununua kwa watu kama mimi. Wateja wangu wako kila pembe ya dunia, na wananijua kwa jambo moja: ndege ya Rhona huruka kama ile ya chuma. Ikiwa ya chuma ina ukaidi, na yangu ina ukaidi. Basi nikaapa kumwundia baba Kahu yake, arudi angani bila kuomba ruhusa ya daktari.

Shida ni kwamba sijawahi kurusha Kahu. Zimebaki tatu zinazofanya kazi kisiwani kwetu, na mojawapo anairusha Rewi. Ndiyo maana akaja mara ya kwanza, Januari, mabuti yake ya mpira mkononi, soksi imetoboka kidole gumba, akaniuliza, "Wewe ndiye bosi?"

Tangu siku hiyo hakuniita jina jingine.

Kazi yetu ina mwiko mmoja. Mjaribu akiwa kitini, mwundaji haongei. Ukimwambia "nimepunguza uzito wa pua," basi atahisi pua nyepesi hata kama hukugusa kitu. Kwa hiyo Rewi alikaa mbele ya skrini, mkono kwenye usukani, miguu kwenye pedali, na mimi nikakaa nyuma yake kimya. Miezi minane nimeitazama shingo ya mwanamume yule. Najua nywele zake zinapoishia, najua kovu dogo chini ya sikio, najua anavyoinamisha kichwa akipinda kushoto kana kwamba bonde liko kweli. Akimaliza anageuka, ananitajia kasoro, naandika daftarini, narekebisha tarakimu, tunapata toleo jipya. Nilitangaza kwamba ndege itatoka Aprili. Ikawa Juni. Sasa ni Agosti, tuko toleo la kumi na tisa, na nimewaahidi wateja Jumatatu.

Sasa nikueleze kilichoninyima usingizi. Siku zote hizo baba alikataa katakata kukaa kwenye kiti changu. "Mimi si mtoto wa michezo," alisema. Ijumaa, sijui ni upweke au ni udadisi, akaingia chumbani mwangu mwenyewe na kusema, "Haya, nionyeshe hiyo takataka yako." Nikafanya kama kazi inavyotaka: nikachanganya matoleo manne bila kumwambia lipi ni lipi.

La kumi na tisa, lile la mwisho, lenye jasho langu la miezi minane, alilirusha dakika mbili. "Hili nguruwe," akasema. La kumi na mbili: "Nguruwe mwenye mafua." La nane akakunja uso. Halafu nikampa jingine, na baba akanyamaza. Akaruka juu ya bonde letu, akapinda, akatua kwenye kiwanja cha mlimani, akazima injini. Akaweka mikono yake miwili mapajani, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto, na machozi yakamtiririka.

"Hii ndiyo," alisema. "Umeipata, binti yangu. Hii ndiyo yenyewe."

Lilikuwa toleo la tatu. La Januari.

Baba alipokwenda kulala nilifungua daftari na kulisoma kwa jicho la pili. Kasoro kumi na sita baada ya toleo la tatu, zote kutoka kinywani mwa Rewi. Machi pua nzito, Mei pua nyepesi. Aprili mkia unavuta kushoto, Juni unavuta kulia. Amenizungusha kama ng'ombe wa kinu. Ama rubani bora wa mkoa wetu hajui ndege yake mwenyewe, ama amenidanganya machoni, wiki baada ya wiki, na mimi nikampikia chai.

Na sasa, katikati ya mvua ile ya Jumamosi, gari lake likaingia uani.

"Bosi!" Alivulia mabuti barazani, kama siku zote, akaingia na chupa ya jamu kifuani. "Mama amekuletea. Ya matunda ya feijoa. Anauliza yule binti wa kompyuta anakula vizuri, maana kwenye picha umekonda. Nikamwambia hujakonda, ni picha."

"Ulimwonyesha picha yangu?"

"Aliiona." Akanitazama, tabasamu likapungua. "Kuna nini?"

"Hakuna. Kaa tufanye kazi."

"Hata chai?"

"Kaa, Rewi."

Baba hakuinua macho kwenye gazeti. Kati yake na Rewi salamu ilikuwa ya kichwa tu, tena kichwa chenyewe kwa shingo upande.

Nilimwekea toleo la tatu bila kumwambia. Nilikaa mahali pangu nyuma yake. Akaruka vizuri, kama ndege anayejua mti wake. Nilimwona mabega yakilegea, nikamwona anafurahi. Nilijua kabisa kwamba anaijua. Akatua, akakaa kidogo, akajikuna shingo.

"Karibu sana, bosi. Ila huu usukani wa mkia bado una uzito kidogo upande wa kushoto."

Nililitarajia, na bado liliniuma.

"Hilo ni toleo la tatu," nilisema.

Hakugeuka.

"Januari ulilirusha hilo hilo. Hukusema neno juu ya mkia. Baba amelirusha jana, amelia. Wewe umelizika chini ya kasoro kumi na sita, Rewi. Nimezihesabu."

"Kumi na tano," alisema polepole. "Ile ya vibawa vya kutua ilikuwa ya kweli."

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana." Sasa aligeuka, na uso ulikuwa umemshuka. "Hapana, bosi. Sikufanyii mzaha."

"Usiniite bosi. Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Sijui. Niambie kwa mdomo wako, maana mdomo huo umekuwa na kazi nyingi miezi yote hii."

Akatazama mlango, akashusha sauti. "Wiki ya pili nilipokuja, baba yako alinikuta barazani navaa mabuti. Akaniambia, 'Unakuja kwa ajili ya ndege. Sawa. Siku ndege ikiisha, sitaki kuyaona mabuti hayo kwenye baraza langu.' Basi." Akainua mabega. "Nikahakikisha haiishi."

Nilisimama. Nilitembea mpaka dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Chumba kilikuwa kidogo, na hasira yangu ilihitaji uwanja.

"Na mimi? Mlikaa wanaume wawili mkapanga, na mimi sikuulizwa?"

"Niliogopa jibu lako."

"Ukaona bora kuiharibu kazi yangu."

"Sikufikiria kazi. Nilifikiria mvua ijayo, nirudi kwako." Alisimama naye, soksi zake juu ya zulia, mikono haijui ikae wapi. "Kila ukisema 'imebaki kidogo,' mimi nayaona mabuti yangu yametupwa nje. Naendesha kurudi nyumbani nikiwaza nitatunga nini wiki ijayo. Nakupenda, Rhona. Nilitakiwa niseme hivyo Januari badala ya kusema pua nzito. Sikuwa na ushujaa. Ndilo hilo."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri miezi minane. Nilikuwa nimeyafanyia hata mazoezi, nikiosha vyombo, nikiendesha gari, jinsi nitakavyonyamaza kidogo kwanza, jinsi nitakavyocheka. Yalipokuja yaliniingia kifuani kama maji ya baridi, na nilichopata kusema ni hiki:

"Uliniapia kwamba pua ni nzito. Uliniangalia hivi hivi, kwa macho haya haya, ukasema, 'Haki ya Mungu, bosi, pua nzito.' Nikakesha na zile tarakimu. Sasa unaniangalia tena unasema unanipenda. Nitajuaje tofauti?"

Alipiga hatua moja kunielekea. Nikarudi nyuma.

"Njia ya mwongo ni fupi," ilisema sauti mlangoni. Baba, na gazeti lake chini ya kwapa. Alikuwa amesikia, na kwa sauti tulizokuwa tumezipandisha, nadhani na kondoo walisikia.

"Na wewe nyamaza, baba! Nani alikupa ruhusa ya kuniwekea masharti barazani? Nina miaka thelathini na mmoja!"

"Mama yako alikuwa na ishirini na miwili nilipomleta hapa." Aliuegemea mlango. "Miaka ishirini na sita alisimama kwenye dirisha lile la jikoni, kila jioni, akisikiliza injini. Hakuwahi kunilalamikia hata siku moja mpaka anaingia kaburini, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Na Lachie je? Ukoo huu umekwisha kutoa mmoja. Sitatoa tena, hata mkwe."

Lachie alikuwa ami yangu, mdogo wake baba, rubani wa Kahu vilevile. Alianguka juu kabisa ya bonde la Ohura kabla sijazaliwa. Nyumbani kwetu jina lake hutajwa mara moja kwa mwaka, na leo haikuwa siku yake.

"Mzee," Rewi alianza.

"Wewe usiseme 'mzee.' Ndege imekwisha?" Baba alinielekea mimi. "Toleo la tatu ni zima. Nimelirusha. Litoe, na huyu avae mabuti yake."

"Nalitoa," nilisema. "Sisubiri Jumatatu. Nalitoa leo hii."

Nilikaa kwenye kompyuta ya pili ninakotolea kazi zangu, na vidole vikanigomea. Hakuna ndege iliyotoka kwangu bila jaribio la mwisho la mtu anayeirusha ya kweli, kuanzia kuwasha injini mpaka kikomo cha mwisho cha uwezo wake. Ndiyo heshima yangu. Hata siku ile, na roho imenijaa moto, nilishindwa kuivunja.

"Kaa," nilimwambia Rewi bila kumtazama. "Irushe yote. Usiache kitu. Halafu uende."

Alichukua koti lake kwanza, akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni. Kisha akakaa.

Aliirusha dakika arobaini. Baba alibaki mlangoni. Mimi nilijaribu kutazama skrini, macho yakawa yananirudi kwenye ile shingo, nikayaondoa, yakarudi. Alipaa na tangi tupu, akapaa na tangi lililojaa mbolea. Alitua kwenye majani, alitua kwenye matope. Alizima injini hewani akairudisha. Nilikuwa na hamu amalize, na nilikuwa naogopa amalize.

Mwisho akaijaza mzigo, akaipeleka juu ya bonde, akapunguza mwendo, akapinda kushoto. Polepole. Polepole zaidi. Ndege ikaanza kutetemeka, skrini nzima ikatikisika: mbawa zinakwambia kwamba zimechoka, shusha pua kabla hatujaachia. Akashusha pua, ikatulia. Akairudia. Akairudia mara ya tatu. Akaondoa mikono kwenye usukani na kuiweka juu ya meza.

"Rhona," alisema. "Ina kasoro."

Baba aliangua kicheko, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Eti! Mnasikia? Mkono haujatoka kwenye chungu, anarudi tena kudokoa!"

"Rewi," nilisema, "usithubutu."

"Najua inavyosikika."

"Hujui inavyosikika! Robo tatu ya saa haijafika tangu ukiri uongo kumi na tano!"

"Najua. Nisikilize, kisha niende." Hakusimama. Alisema akitazama meza. "Ikijaa mzigo, ikipinda kushoto kwa mwendo ule, hii inatetemeka kwanza. Ya kweli haitetemeki. Haikwambii kitu. Bawa la kushoto linaanguka tu, kama mtu aliyevutiwa kiti. Iliniangukia mimi, mwaka juzi. Nikavuta wenzo nikamwaga mbolea yote, nikapona kwa kimo cha uzio wa kondoo. Sikumwambia mtu. Hata mama."

"Mbona hukulisema Januari?"

"Sikujaribu Januari. Nani anajaribu jambo hilo kwa hiari yake, hata kitini? Leo umesema nisiache kitu. Na baada ya Januari nilikuwa nashughulika kutunga." Sasa aliniangalia. "Sitaki siku zaidi. Nakwenda, na sirudi usiponiita. Ila usiitoe hivi. Kuna vijana wanajifunzia kwenye ndege zako kabla ya kupanda za chuma. Wataamini kwamba itawaonya."

Nilifungua daftari, ukurasa wa kwanza kabisa, wa kabla ya Rewi. Kule mwanzo, kiti alikikataa, lakini tabia za Kahu baba alikuwa amenitajia mezani, mimi nikiandika. Mstari wa tisa, kwa mwandiko wangu: *Ikizidiwa mzigo kwenye kona, hutetemeka kwanza.* Maneno ya baba.

Basi ndivyo mambo yalivyosimama. Nikimwamini Rewi, nimemwita baba yangu mwongo, mtu wa miaka thelathini na minne kwenye ndege ile. Nikimwamini baba, nimeachana kabisa na yule aliyekaa pale na koti lake.  Nilitamani mtu wa tatu aje aniambie, na hapakuwa na mtu wa tatu.

Nikamtazama Rewi. Kila alipokuwa akinitungia, alikuwa akijikuna shingo, akiniita bosi, akiniachia mlango wa wiki ijayo. Safari hii hakujikuna, aliniita kwa jina langu, na mlango alioufungua ni wa yeye kutoka. Mwongo hutafuta faida. Huyu alikuwa anajitia hasara, na anajua.

Nilichukua kalamu. Nikaukata ule mstari wa tisa kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukafungua faili ya mbawa, nikaitafuta tarakimu inayoleta mtetemeko, na kuiandika sifuri.

"Rhona," baba alisema.

"Namwamini, baba. Utanisamehe."

"Rhona, mwanangu, acha nikwambie."

Alikuwa ameingia chumbani. Alitafuta pa kukaa, Rewi akainuka haraka na kumpisha kiti chenye usukani. Baba akakaa, akautazama ule usukani bila kuugusa.

"Haitetemeki," alisema. "Haikuwahi kutetemeka. Sote tuliokuwa tukiirusha tulijua. Nilimwambia Lachie siku aliyoanza, 'Kushoto, mzigo kamili, usiipe nafasi.' Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka." Akaugusa usukani kwa kidole kimoja. "Uliponiuliza pale mezani, ikizidiwa inafanyaje, nikaiona ile kona iliyomwangusha. Nikasema inatetemeka. Nilitaka iwepo moja. Moja tu, popote duniani, inayomwonya mtu."

Nilipiga magoti kando ya kiti na kumkumbatia kiunoni kama mtoto. Alinuka sabuni na sufu. Nilikuwa nimekasirika naye kama saa moja iliyopita, na hasira ilikuwa bado ipo mahali fulani, lakini sikuiona.

"Yako nitakuachia kama ilivyo," nilimwambia. "Toleo la tatu litabaki lako peke yako."

"Iache," alisema. "Za watu wengine zifanye za kweli."

 Kisha akapangusa uso kwa kiganja na kumwinulia Rewi kichwa.

"Ulivuta wenzo mapema, au ulichelewa?"

"Nilichelewa, Mzee Murdo."

"Hm. Ulipinda tena kona hiyo?"

"Siku ya pili yake. Upande wa kulia."

Baba akatikisa kichwa taratibu, ule mtikiso wa marubani ambao sijawahi kuuelewa. "Itachukua muda gani kuirekebisha?" aliniuliza.

"Wiki mbili. Tatu, nikitaka iwe sawasawa."

"Basi aje wiki tatu."

"Hapana," alisema Rewi.

 Nilisimama, na baba akageuza kiti kizima kumtazama.

"Nitaijaribu, mpaka iwe sawa, hilo ni deni langu," alisema Rewi. "Lakini sitaingia tena nyumba hii kwa kisingizio cha ndege. Nikija, nimemfuata Rhona. Ukinikataza, Mzee, nikataze kwa hilo, na nitarudi kukuomba tena. Kazi yangu ni hii, sina nyingine. Siwezi kukuahidi kwamba hatasimama dirishani."

"Dirishani sisimami," nilisema. "Nina kazi zangu."

Baba alinitazama mimi, akamtazama yeye, akazitazama soksi zake.  Mwishowe akaweka mikono juu ya magoti, akajiinua kwa taabu, akasimama katikati yetu. Hakusema ndiyo. Wala hakutoka.

"Mwambie sasa," alimwambia Rewi. "Mbele yangu. Nami nisikie."

Rewi akafungua zipu ya koti, kana kwamba lilikuwa linamkaba. 

"Nakupenda, Rhona," alisema.

Nikamwamini.